Ukuta wa Stenti Uvuje au Usivuje?

Anayekamua tui anakijua kifumbu: kikisukwa kwa kubana mno tui halitoki, kikilegea machicha yanapita. Daktari wa mishipa ya damu anakumbana na jambo hilohilo anapochagua kitambaa cha kuvisha stenti, ule mrija wa waya unaotanua mshipa ulioziba au kuukinga uliotuna.

Zamani hofu ilikuwa kuvuja tu. Kabla ya stenti, daktari mpasuaji Michael DeBakey wa Houston alishona mishipa bandia ya kitambaa cha Dacron kwa cherehani miaka ya 1950. Dacron iliyofumwa kama sweta ilivuja, hivyo madaktari waliilowesha kwanza kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, wakangoja igande kwenye matundu, ndipo wakaishona mwilini.

Kupona ni habari nyingine. Ndani ya mshipa wetu mmetandazwa safu moja ya seli inayozuia damu isigande. Kitambaa hakina safu hiyo. Seli hutambaa kutoka kwenye ncha zake, na kwa binadamu huishia sentimita moja au mbili. Katikati hubaki patupu miaka nenda rudi.

Je, seli zikipita kwenye ukuta wa kitambaa? Kitambaa kingine, tefloni iliyovutwa, ukikitazama kwa hadubini, ni vifundo vilivyounganishwa kwa nyuzi, na baina ya vifundo mna nafasi ya mikromita 30 hivi. Alexander Clowes na wenzake wa Seattle walipoiongeza hadi 60, kwa nyani kapilari, yaani vimishipa vidogo kabisa vya damu, zilipenya kutoka nje zikaleta seli hadi ndani. Kwa binadamu faida hiyo haikuonekana.

Kwangu mimi, swali la kwanza si ukubwa wa tundu bali kilichopo upande wa pili. Kwenye mshipa wa paja, kitambaa hugandamizwa kwenye nyama hai. Hapo tundu lina kazi. Kwenye aorta iliyotuna, nyuma yake kuna mfuko wa damu iliyoganda, usio na kapilari za kupenya. Tundu hapo linapitisha majimaji ya damu tu, na mfuko huweza kuendelea kukua ingawa picha haionyeshi uvujaji wowote. Jambo hilo liliwapata baadhi ya wagonjwa wa stenti za mwanzo za tefloni, na watengenezaji wakapunguza upenyevu wa kitambaa.

Ndiyo sababu aliyewekewa stenti ya aorta huitwa tena kupigwa picha hata akiwa hana maumivu: tunaupima mfuko, milimita kwa milimita, tuone kama unasinyaa.