Mtu wa kwenye gemu ameshiba, mwanao je?

Juma hili tuzungumzie jambo linalowashangaza wazazi wengi. Kijana akitumwa dukani ananuna, lakini akishika kompyuta au simu yuko radhi kukata magogo, kuchimba mawe na kusaka chakula mpaka usiku wa manane.

Hiyo ni michezo ya kunusurika. Miongoni mwayo ni Minecraft, uliotengenezwa Sweden na kutolewa rasmi mwaka 2011, na Don't Starve wa Canada, wa mwaka 2013. Mchezaji hutupwa porini mikono mitupu. Atafute chakula na ajikinge kabla ya giza, akizembea, anakufa.

Raha iko wapi katika adha hiyo? Iko katika ugumu wenyewe. Kosa huonekana palepale na sababu yake hueleweka. Aliyekufa kwa njaa leo, kesho atapanda ngano mapema. Binadamu hupenda kujiona anaweza. Basi usiharakishe kumwita mwanao mvivu. Subira anayo na kupanga anajua.

Tatizo ni hili. Katika Minecraft kuna alama 10 za njaa kwenye kioo. Zikishuka sana mchezaji hawezi kukimbia, hivyo hutafuta chakula haraka. Mwili wa mwanao hauonyeshi alama. Chakula chake kinapoa mezani, macho yanakauka kwa kutopepesa, shingo inauma, na Alfajiri haamki. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe.

Mzazi ufanye nini?

Kwanza, jua hesabu. Siku moja ya Minecraft, mchana na usiku, ni dakika 20. Siku tatu ni saa nzima. Kubalianeni idadi ya siku kabla hajaanza.

Pili, usizime ghafla. Anapocheza na wenzake kwa intaneti, mchezo hausimami kumngoja. Mpe taarifa mapema ajihifadhi.

Tatu, adhana iwe mpaka. Baada ya Isha, simu ilale nje ya chumba. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12.

Nne, mpe kazi ngumu ya kweli: tuta la mchicha, au banda la kuku alijenge mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya kila kitu, na kuendelea japo madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Ukiziona, mpeleke kwa mtaalamu wa afya. Bakora haitibu uraibu.

Leo usiku, kabla hujamgombeza, muulize amekula saa ngapi.