Joto la Jiko na Hewa ya Nyumba

Wahenga walinena: “Pafukapo moshi pana moto.” Neno hilo ni kweli, wala hatulipingi. Lakini tusidhani kwamba moto usio na moshi hauna madhara. Makaa, ambayo sisi watu wa Kongo huyaita makala, yakisha kuwa mekundu hayalizi macho wala hayakohozi kifua. Hung’aa kimya, kama mgeni mpole. Ndiyo sababu mtu huyaamini: huyaingiza chumbani pamoja na mbabula yake, hufunga mlango na dirisha kwa ajili ya baridi, kisha hulala. Wako waliolala hivyo wasiamke tena.

Leo twataka kueleza jinsi joto la moto linavyotembea ndani ya nyumba, na kulijibu swali la watu wengi wakaao penye baridi: Je, feni, yaani pepeo la umeme, yaweza kulieneza joto la jiko moja hata lifike katika pembe zote za chumba?

Msomaji wa Lusangi asiseme: “Sisi tu watu wa joto; habari hizi zatuhusu nini?” Katika miezi ya kiangazi, hasa Juni na Julai, usiku wa kwetu huwa na ubaridi wa kutosha kumsumbua mzee, mgonjwa na mtoto mchanga. Tena watoto wetu wamesambaa. Wengine wasoma Bukavu, wengine wafanya kazi Goma au Butembo, miji iliyo juu milimani; wengine wamevuka bahari wakakaa Ubelgiji, mahali penye theluji. Kila mmoja wao huchukua pamoja naye mazoea ya moto wa kwao. Ni heri ajue lipi la kushika na lipi la kuacha.

NJIA TATU ZA JOTO

Joto husafiri kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni ya kugusana: kijiko cha chuma kilichoachwa katika sufuria huunguza mkono wa mpishi, ijapokuwa mpini wake haukugusa moto. Njia ya pili ni ya mnururisho: mtu akiota moto, kifua chake hupata joto na mgongo wake hubaki baridi, kwa maana joto humjia moja kwa moja kama nuru ya jua. Njia ya tatu ni ya hewa yenyewe. Hewa iliyopashwa moto hupanuka, huwa nyepesi, hupanda juu. Na hewa ya baridi, iliyo nzito, huja chini kushika mahali pake.

Wanafunzi wanaweza kuyaona haya kwa macho yao. Jioni moja isiyo na upepo, moto ukiwaka vema katika nyumba ya kupikia, mtu mzima na asimame mlangoni na mshumaa uliowashwa. Akiuweka chini karibu na kizingiti, ulimi wa mshumaa utainama kuelekea ndani. Akiuinua karibu na sehemu ya juu ya mlango, utainama kuelekea nje. Mlango ni mmoja, lakini njia za hewa ni mbili: baridi huingia chini, joto hutoka juu. (Ikiwa paa ni la nyasi, afadhali kutumia uzi mwembamba badala ya mshumaa.)

Basi, hapo ndipo ilipo shida ya mwenye jiko katika nchi ya baridi. Hununua kuni kwa fedha nyingi, hulijaza jiko lake la chuma, na joto lote hupanda darini. Vichwa vya wenyeji vyapata joto, miguu yao yaganda. Na chumba cha pili, kilicho nyuma ya ukuta, hakipati kitu.

KAZI YA FENI

Kwanza tutenganishe mapepeo mawili. Mama apepeapo mbabula yake kwa ukili au kwa kipande cha karatasi ngumu, na mhunzi avutapo mivukuto yake, wote wawili huulisha moto hewa ili uwake kwa nguvu zaidi. Pepeo la pili, ambalo ndilo tunalolisema hapa, haliugusi moto kabisa. Kazi yake ni kuichota hewa ya joto mahali ilipojikusanya na kuipeleka mahali ilipokosekana.

Kazi hiyo hufanyika kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni feni ya darini, ikizungushwa polepole kwa upande wa kuivuta hewa juu. Hewa ya joto iliyolala darini husukumwa kando, hufuata kuta, hushuka mpaka sakafuni. Mtu haoni upepo, bali miguu yake huona nafuu.

Namna ya pili huwashangaza wengi. Mtu mwenye jiko katika chumba kimoja na baridi katika chumba cha pili, huiweka feni karibu na jiko na kuielekeza kwenye baridi. Mara nyingi hufaulu kidogo tu. Lililo jema ni kinyume chake: feni ndogo iwekwe sakafuni katika chumba cha baridi, nayo ielekezwe kwenye chumba chenye jiko. Sababu yake tumekwisha kuiona kwa mshumaa. Hewa ya baridi ni nzito na hukaa chini. Feni ikiisukuma kwenda jikoni, hewa ya joto hulazimika kurudi kwa njia ya juu ya mlango na kujaza nafasi iliyoachwa. Mwenye hekima huifuata desturi ya vitu wala hashindani nayo.

Namna ya tatu ni feni ndogo inayokaa juu ya jiko lenyewe wala haina waya wa umeme. Siri yake ilifunuliwa mwaka 1821 na Thomas Johann Seebeck. Metali mbili tofauti zikiunganishwa kwenye ncha zake, na ncha moja ikawa moto na nyingine baridi, umeme hupita ndani yake. Feni hiyo hupata joto kwa chini, hupozwa kwa juu, na tofauti hiyo hutoa umeme mdogo wa kuyazungusha mapanga yake. Jiko likipoa, nayo husimama.

Lakini tusiisifu feni kupita kiasi. Haizai joto la chumba, hugawa tu lililopo. Nyumba yenye nyufa itapoteza joto lake, feni iwepo au isiwepo. Tena upepo ukimpiga mtu mwilini humpoza. Kwa hiyo feni ya kueneza joto haielekezwi kwa watu, wala haizungushwi kwa kasi.

FENI HUGAWA, HAIONDOI

Sasa twafika kwenye neno lililotufanya tuandike. Yote tuliyoyasema juu ya feni yalihusu jiko lenye dohani, yaani bomba la kuutoa moshi nje ya nyumba. Mbabula haina dohani. Yote yatokayo ndani yake, mema na mabaya, hubaki chumbani.

Makaa yasipopata hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Katika damu yetu kuna chembe nyekundu ambazo kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka katika viungo vyote. Sumu hii hushikamana na chembe hizo kwa nguvu inayoipita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Basi mtu huvuta pumzi kama kawaida, lakini damu yake imekwisha kutekwa. Ubongo na moyo vyafa njaa ya oksijeni hali kifua kinapanda na kushuka.

Wengine hufunika makaa kwa jivu ili yadumu mpaka asubuhi. Jambo hilo halipunguzi hatari: moto ulionyimwa hewa ndio unaozaa sumu hiyo. Wengine huweka ndoo ya maji karibu na mbabula. Maji hayaimezi sumu hii. Na wengine, ambao sasa wana kibao cha umeme wa jua na feni ndogo, hudhani kwamba upepo utaitawanya. Ndiyo, utaitawanya, kama unavyolitawanya joto: utaipeleka kwenye kila pembe na kila kitanda. Feni hugawa, haiondoi. Kinachoondoa ni njia ya kutokea nje.

Hata aliye na dohani na awe macho. Mwaka 1902, mwandishi mashuhuri Émile Zola alikufa chumbani mwake mjini Paris kwa sumu ya moto ambao dohani yake ilikuwa imeziba. Mke wake alipona kwa shida. Tena feni yenye nguvu inayotoa hewa ya jikoni nje, katika nyumba iliyofungwa sana, yaweza kuuvuta moshi wa dohani urudi ndani. Kwa hiyo ndugu zetu walio Ulaya wasafishe dohani kila mwaka, na waweke ukutani kile kifaa kidogo kinachopiga kelele kikionja sumu hiyo.

Wala jambo hili si jipya. Katika karne ya 4, Yuliano, yule aliyekuja kuwa kaisari wa Roma na kuitwa Mwasi, alikaa majira ya baridi Lutetia, mji ambao leo ni Paris. Alikataa majiko ya nyumba yasiwashwe. Mwishowe akaagiza aletewe makaa machache tu chumbani. Aliandika mwenyewe kwamba alisinzia, akakaribia kukata pumzi, watumishi wakambeba nje. Akadhani ni mvuke wa kuta mbichi. Leo twajua kuyatazama makaa kwanza.

NYUMBA YA JANA NA NYUMBA YA LEO

Msomaji atauliza: “Mbona babu zetu walilala karibu na moto, nao wakazeeka?” Ni swali la haki. Nyumba ya babu ilikuwa na paa la nyasi, na moshi ulipenya polepole kati ya nyasi. Mlango wake haukubana. Ukuta haukufika juu pande zote. Nyumba ile ilipumua. Leo twajenga kwa matofali, twaezeka kwa mabati, twapiga saruji, twatia vioo na mbao zinazobana. Ni maendeleo mema. Lakini tumebadili nyumba bila kubadili mazoea ya moto, na hapo kifo kimepata mlango.

Wala tusiseme kwamba moshi wa zamani haukudhuru. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya mioto ya nyumbani, hasa ya kupikia. Wengi wao hawakufa kwa usiku mmoja, bali kwa mapafu na moyo vilivyochoka kidogo kidogo.

DALILI NA MSAADA

Dalili za sumu hii ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, ulegevu wa miguu na usingizi mzito. Alama kubwa ni hii: watu wa nyumba moja huugua pamoja, na wakitoka nje huona nafuu. Mwenye mimba na awe na hadhari zaidi, kwa sababu mtoto aliye tumboni hudhurika upesi.

Ukiwakuta watu katika hali hiyo, fungua milango yote, watoe nje penye hewa safi, ita majirani, kisha wapelekwe kwa mganga wa hospitali wapewe oksijeni, hata kama wamezinduka. Usikawie ndani wewe mwenyewe, usije ukaanguka pamoja nao.

Liko jambo lingine ambalo ni lazima tulitaje. Nyumba ikikutwa asubuhi na maiti mbili au tatu, wala hapana jeraha wala alama ya mwizi, ndimi huanza kutafuta mchawi. Mara nyingi anayetajwa ni mjane au mzee asiye na mtetezi. Kabla ya kumtaja mtu, itazameni mbabula na madirisha yaliyofungwa. Aliyekufa kwa makaa hakurogwa, na kumtesa asiye na hatia ni kuongeza msiba juu ya msiba.

TUFANYE NINI?

Mbabula na iwashwe nje, na ikae nje. Anayetaka joto la kitandani na apashe jiwe au tofali motoni, alifunge vizuri kwa nguo nzito, aliingize chumbani pasipo kaa hata moja, akiangalia lisimwunguze mtu. Anayejenga nyumba ya mabati na aache matundu ya hewa juu ya ukuta. Anayepika ndani na afungue mlango na dirisha. Tena akipata fundi, ajenge jiko lenye dohani.

Na kwa mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya siku zake, kuna jiko lisilo na moshi wala sumu. Mwaka 1978, mjini Bogotá katika nchi ya Kolombia, tabibu Edgar Rey alianza kuwalaza watoto wadogo sana vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakafunikwa pamoja kwa nguo. Njia hiyo imeenea ulimwenguni, kwa kuwa imeokoa watoto wengi. Mama wa Lusangi hahitaji feni wala makaa ili kulieneza joto hilo.

Baridi ya usiku mmoja wa Julai huvumilika, na asubuhi jua hutoka. Basi kila baba na kila mama, kabla ya kufunga mlango wa kulala, na aulize neno moja: Moto uko wapi? Kama uko ndani, autoe.