Houston: mto wa matembezi na suali la nyumba

Binti yangu anaishi Houston, Texas, mwaka wa sita sasa. Machi niliondoka Maskati kwenda kumtazama, na kabla sijafungua sanduku la halua akanambia, "Mama, tumepata nyumba ya kununua. Iko karibu na mto. Twataka uione wewe kwanza."

Basi tukaanza na mto wenyewe, Buffalo Bayou. Kwa aliyezoea Tana au Rufiji ni mto mdogo, maji rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda polepole. Lakini mji umezaliwa hapo: mwaka 1836 ndugu wawili, Augustus na John Allen, walinunua ardhi kando yake wakaanza kuuza viwanja.

Leo ukingoni kuna bustani ya hekta 65 hivi, haina kiingilio. Watu wanakimbia, wanaendesha baskeli, wanakodi vidau vya plastiki na kupiga makasia mpaka karibu na maghorofa ya mjini. Mjukuu wangu wa miaka tisa akavaa koti la kuelea, akaingia na babake. Mie nikabaki benchini na chupa ya kahawa.

Kilichonistaajabisha kiko chini ya ardhi: tangi la maji la mwaka 1926, lina nguzo 221 za zege. Lilivuja, tundu halikuonekana, likaachwa. Tangu 2016 watu hukata tiketi kuingia kulitazama. Mjukuu akaita "Bibi!", na sauti ikazunguka nguzo zote ikarudi. Magharibi tukasimama penye daraja la Waugh kuona popo, kama robo milioni, wakitoka kama moshi.

Chakula, mashaallah. Texas wanapika kidari cha ng'ombe kwa moshi wa kuni usiku kucha, na Houston utakipata cha halali ukiulizia. Ukikila utaikumbuka shuwa ya Idi. Mtaa wa Hillcroft umejaa maduka ya Kihindi na Kipakistani. Tulipata bizari zote za pilau.

Siku ya nne tukaenda kuiona nyumba. Jiko kubwa, sakafu inang'aa, bei nafuu. Mkwe wangu keshaipenda. Dalali akasema kila kitu ndani ni kipya.

Nilisomesha jiografia miaka 31 katika sekondari ya misheni Mombasa. Niliwaambia wanafunzi kila mwaka: ardhi tambarare kando ya mto ni ya mto. Nikamuuliza dalali, "Kipya kwa sababu gani? Agosti 2017 maji yalifika wapi hapa?"

Mwezi ule kimbunga Harvey kilimwaga mvua siku kadhaa, pengine zaidi ya mita moja. Mabwawa ya Addicks na Barker, yaliyojengwa miaka ya 1940 kuukinga mji, yakajaa, maji yakafunguliwa kuingia Buffalo Bayou, na nyumba za chini zikakaa majini siku nyingi. Sie tuliokuwa Maskati Juni 2007 tunamjua Gonu. Firiji yangu niliikuta barabarani.

Dalali akanyamaza. Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inamtaka muuzaji aandike kama nyumba imewahi kuingia maji. Karatasi ilikuwemo katika lile furushi walilopewa, ila hawakuisoma. Tukaifungua pale pale jikoni: ndiyo, 2017.

Mkwe wangu hakusema neno njia nzima. Usiku alikuja kuniamkia, akasema, "Mama, tungeingiza akiba yetu yote."

Wanaendelea kukodi, ghorofa ya tatu. Jumamosi wanakwenda mtoni, magharibi wanarudi kwao.

Ukiwa na mtoto huko, nenda Machi au Oktoba. Julai joto na unyevu ni ule ule wa Maskati. Akitaka kununua nyumba, mwambie aiombe karatasi ya mafuriko kabla ya kutazama jiko. Na ajue bima ya kawaida ya nyumba kule hailipi mafuriko. Hiyo hukatwa mbali, na aghalabu huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Ukiona wingu ndiyo uende kukata, umechelewa.