Sentensi Iliyokosa Abiria

Msomaji mmoja wa Ogembo, mhudumu wa afya wa nyanjani, anauliza: mbona hata watu wanaojua kusoma huichanganya dozi ya malaria, na karatasi ya maelezo wanayo mkononi?

Habari ya nani alimaliza darasa la ngapi tuiache, haina utamu. Utamu uko kwenye kumbukumbu ya papo. (Wapo wanaoiita “kumbukumbu ya kazi”, jina linalonukia karakana.) Mwaka 1975, Alan Baddeley na wenzake huko Uingereza walionyesha kwamba akili hushika kwa mpigo maneno tunayoweza kuyatamka kwa takriban sekunde 2. Maneno yakiwa marefu, yanashikwa machache.

Ifananishe kumbukumbu hiyo na matatu ya Kisii pale stejini Ogembo, maneno yakiwa abiria. Haiondoki hadi ijae. Abiria wakiingia chapuchapu, safari imeiva. Wakiingia mmojammoja, wa kwanza anachoka, anashuka, anadandia boda. Wa kumi na nne anapofika, viti vya mbele ni vitupu. Msomaji mzoefu hulinasa neno zima kwa jicho moja, na gari linajaa. Anayeunganisha silabi, me-za-te-mbe, humpakia kila abiria kwa jasho, na kabla ya nukta, mwanzo wa sentensi umeshashuka. Neno kama “zinazofuata” nalo ni mama mwenye mkungu wa ndizi: nauli moja, viti vitatu.

Sasa soma: “Meza tembe 4 sasa, 4 nyingine baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata.” Ndiyo dozi ya mtu mzima ya AL, dawa ya malaria: tembe 24. Matatu moja haitoshi. Isitoshe, “baada ya saa 8” husikika kama saa nane ya mchana. Aliyeanza saa nne asubuhi atameza mapema mno; aliyeanza usiku ataisubiri kesho mchana.

Ndiyo maana pakiti za AL huchorwa jua na mwezi, na rangi hufuata uzani wa mgonjwa: manjano kwa kilo 5 hadi 14, kijani kuanzia kilo 35. Jua halina silabi.

Kwenye karatasi yako, kila mstari ubebe jambo moja. Kisha usimwulize mgonjwa “umeelewa?”, maana atakubali kwa heshima. Mpe pakiti, akuonyeshe tembe za usiku wa leo, akieleza kwa lugha yake ya Ekegusii. Akikosea, futa mstari huo uandike mwingine.