Tuisheni Yenye Faida (2): Mwalimu wa Ziada Achaguliwe Vipi?

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi tuisheni ilivyojipenyeza katika bajeti za familia nyingi za mijini, sambamba na umeme, maji na nauli. Leo tunazungumza na mzazi ambaye ameshaamua kumlipa mwalimu wa kuja nyumbani. Amchague nani, na afanye nini ili fedha yake isiende bure?

Wazazi wengi huanza na bei, kisha ratiba: atakuja siku ngapi, atakaa saa ngapi. Hayo yana nafasi yake, lakini mtoto aliyeshinda darasani tangu asubuhi hadi alasiri hakupungukiwa saa za kufundishwa. Alichokosa, katika darasa lenye wenzake wengi, ni mtu wa kukaa naye na kubaini amekwama wapi hasa. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu wa ziada. Asiyeifanya anarudia tu somo la shuleni, safari hii kwa malipo.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kidato cha pili anayeanguka kila mara kwenye aljebra. Mwalimu mmoja atafungua kitabu kwenye sura ya aljebra na kuifundisha upya. Mwingine ataomba kwanza daftari na karatasi za mitihani zilizosahihishwa. Humo atakuta mtoto ameandika kwamba −2(x − 3) ni sawa na −2x − 6. Atafunua kurasa za nyuma na kulikuta kosa lilelile. Kisha atauliza: “Mbili mara hasi tatu ni ngapi?” Hasi sita. “Na hasi mbili mara hasi tatu?” Hasi sita. “Kwa hiyo yote mawili yanatoa jibu moja?” Mtoto ananyamaza. Kumbe aljebra haina kosa. Tatizo ni namba hasi, mada aliyoivuka zamani bila kuielewa, na hata angefundishwa aljebra mwaka mzima angeendelea kukosa palepale.

Kwa Tanzania kuna kikwazo kingine cha kupima mapema. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili, na akiingia kidato cha kwanza anakutana na Biolojia, Jiografia na Fizikia kwa Kiingereza. Mwalimu makini humuuliza swali la Biolojia kwa Kiswahili. Akilijibu vizuri, somo analijua, ila lugha ya kulieleza ndiyo inayomshinda. Akishindwa hata kwa Kiswahili, somo lenyewe halijaingia. Hizo ni shida mbili, na kila moja ina tiba yake.

Faida ya kufundishwa ana kwa ana si jambo la kubahatisha. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha matokeo yaliyoshangaza wengi: mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake alifikia kiwango cha kuwapita asilimia 98 ya wanafunzi wa darasa la kawaida. Wengi wanaoitaja asilimia hiyo husahau utaratibu uliokuwa nyuma yake. Wanafunzi hao walipewa majaribio madogo ya mara kwa mara, wakasahihishwa, na hawakusonga mbele kabla ya kumudu hatua waliyokuwa nayo. Mwaka 2011 Kurt VanLehn wa Chuo Kikuu cha Arizona State alipitia tafiti nyingi za aina hiyo, akakuta faida ni kubwa kweli, ila haifiki nusu ya ile aliyoitaja Bloom. Kwa hiyo tutarajie manufaa, si miujiza.

Sasa tuje kwenye usaili. Uliza kwanza mwalimu anatumia muhtasari upi. Mitaala mipya ilianza kutumika kwa awamu Januari 2024, hivyo watoto wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa katika mihtasari tofauti. Anayefundisha kwa daftari lake la zamani, bila kujua Taasisi ya Elimu Tanzania imetoa nini, atampoteza mwanao.

Pili, muulize kama amesoma uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Baraza la Mitihani la Tanzania huutoa kwa kila somo, ukionyesha swali kwa swali watahiniwa walijibu nini na walikosea wapi, pamoja na sampuli za majibu mazuri na mabaya. Unapatikana bure kwenye tovuti ya Baraza. Mwalimu anayeufahamu anajua mitego iliko.

Tatu, omba kipindi kimoja cha majaribio, ukae pembeni bila kuingilia. Angalia kalamu iko mkononi mwa nani. Mwalimu akiandika na kueleza kwa saa nzima huku mtoto akiitikia “ndiyo”, hapo mazoezi anayapata mwalimu. Mtoto ndiye anayepaswa kuandika, kukosea na kueleza kwa kinywa chake kwa nini amefanya hivyo.

Vyeti vitazamwe, lakini visikupofushe. Mhitimu wa kidato cha sita anayesubiri kwenda chuo anaweza kumfaa sana mtoto wa shule ya msingi, kwa kuwa bado anakumbuka ugumu wa kujifunza. Kuna pia mabingwa wa hesabu ambao hawakuwahi kukwama popote, na kwa sababu hiyo hawajui kumkwamua mwingine.

Wako wa kuwaepuka moja kwa moja. Anayeahidi divisheni ya kwanza kabla hajaona daftari la mtoto anauza maneno. Anayenong’ona kwamba ana “mtihani wenyewe” anakuingiza kwenye jinai. Fikiria pia mara mbili kabla ya kumlipa mwalimu wa darasa wa mwanao kwa tuisheni ya somo lake mwenyewe, maana kishawishi cha kubakiza darasani kitakachouzwa jioni kipo. Wenzetu wa Kenya waliliona suala la tuisheni kuwa zito kiasi cha kupiga marufuku tuisheni za likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Na kwa usalama wa mtoto, kipindi kifanyike sebuleni au mahali pa wazi, mtu mzima mwingine akiwepo nyumbani. Mwalimu mwadilifu hatachukizwa na sharti hilo.

Ukishampata, kazi haijaisha. Mtoto awe na daftari la makosa: kila swali alilokosa, sababu ya kulikosa, na jibu sahihi alilolifanya mwenyewe. Kila kipindi kianze kwa dakika 10 za kujibu maswali ya kipindi kilichopita, vitabu vikiwa vimefungwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na wale waliojipima. Walipopimwa baada ya dakika chache, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani wa taifa hauji dakika chache baada ya somo.

Mjulishe mwalimu wa shuleni kwamba mtoto anasaidiwa, ili njia za kufundishia zisigongane. Kila mwisho wa mwezi kaeni watatu, mzazi, mwalimu na mtoto, mbele ya daftari la makosa. Kama makosa ya mwezi wa kwanza bado yanajirudia mwezi wa tatu, badilisheni njia au mwalimu. Kama yametoweka, punguzeni vipindi, kisha mwache mtoto ajitegemee. Tuisheni isiyo na mwisho humzoesha mtoto kusubiri mtu wa kumfikiria.

Mzazi, kabla ya kumpigia simu mwalimu yeyote, omba daftari la mwanao na karatasi yake ya mtihani wa mwisho, kaeni mzipitie pamoja. Ukijua amekwama wapi, utajua nani wa kumwita. Wiki ijayo tutazitazama tuisheni za makundi: zinamfaa nani, na wakati gani zinageuka kuwa darasa jingine lenye msongamano.