Fahamu: Dar es Salaam hadi Zanzibar kwa ndege ni dakika ngapi?

Ukipiga mstari ulionyooka kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, unapata takriban kilomita 75. Ndege ndogo ya injini moja aina ya Cessna Caravan huenda kasi ya kama kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo kwa hesabu za karatasi ni robo saa tu. Lakini ndege hupaa ikiukabili upepo, hata kama upepo huo unatoka kusini na Unguja iko kaskazini. Sharti igeuke, ipande, na kabla abiria hajatulia imeshaanza kushuka. Ndiyo maana safari huhesabiwa dakika 20 hivi.

Muda mwingi huishia ardhini: foleni ya barabarani, ukaguzi, kupima mizigo, kusubiri kuitwa. Boti ya kasi huchukua kama saa mbili na hukushusha Malindi, jirani na Mji Mkongwe. Kwa anayetokea Kariakoo, boti inatosha kabisa. Anayeunganisha safari kutoka Mwanza, au anayechafukwa na bahari wakati wa kusi, apande ndege.