WAOKOTA MIPIRA NA REFA: KAZI NDOGO, AMANA KUBWA



Sote tunapenda kutazama mpira, na tukitazama, macho yetu huwafuata wachezaji. Ni wachache wanaomwangalia yule kijana aliyesimama nyuma ya goli au pembeni mwa mstari, kazi yake kuokota mpira unaotoka nje na kuurudisha. Wengi hudhani kazi ile haina uzito. Lakini kijana huyo anaweza kusaidia goli lipatikane, na anaweza pia kumpoteza refa mbele ya watu wote. Katika makala hii tutaeleza vipi waamuzi wanafanya kazi na waokota mipira, na kwa nini kazi hiyo inahitaji uadilifu.

NANI ANAWASIMAMIA?

Mechi kubwa huwa na waamuzi wanne uwanjani: refa wa kati, wasaidizi wake wawili wanaoshika vibendera, na mwamuzi wa nne, ambaye wengine humwita mwamuzi wa akiba. Sheria za mpira wa miguu ziko 17. Sheria ya 2 inahusu mpira wenyewe. Inaruhusu mipira ya ziada kuwekwa kuzunguka uwanja, kwa sharti iwe na vipimo vinavyotakiwa: mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, na uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Tena matumizi ya mipira hiyo yako chini ya amri ya refa. Sheria ya 6 nayo inampa mwamuzi wa nne kazi ya kuisimamia.

Waokota mipira kwa kawaida huletwa na klabu mwenyeji, na mara nyingi ni vijana wa timu yake ya watoto. Hapa ndipo penye mtihani. Moyo wa kijana uko kwa timu yake, lakini mpira alioushika uko chini ya amri ya refa, na refa ni wa timu zote mbili.

MAELEKEZO KABLA YA MECHI

Kabla ya mchezo kuanza, vijana huoneshwa mahali pao na kuelezwa kazi yao. Mambo makubwa ni haya:

1. Kurudisha mpira kwa kasi ile ile kwa timu zote mbili, iwe timu yako inaongoza au imefungwa.

2. Kutoingia uwanjani mchezo ukiendelea.

3. Kutotoa mpira wa pili wakati wa kwanza bado unachezwa. Mpira wa pili ukiingia na kuvuruga mchezo, refa hulazimika kupuliza filimbi na kusimamisha kila kitu.

4. Kutobishana na mchezaji wala mtazamaji.

KIJANA AKIKOSEA, REFA HUFANYA NINI?

Refa hawezi kumwonesha mwokota mipira kadi. Kadi ni za wachezaji, wachezaji wa akiba na maofisa wa timu. Lakini anazo njia nyingine. Kwanza, Sheria ya 7 inamtaka aongeze dakika zilizopotea, kwa hivyo anayechelewesha mpira makusudi hapati faida anayoitarajia. Pili, anaweza kutaka kijana huyo aondolewe mahali pake. Tatu, huandika tukio katika ripoti yake.

Je, akiugusa mpira ulio mchezoni? Sheria humhesabu kuwa ni mtu wa nje. Akiuvuruga mchezo, refa husimamisha, kisha huanzisha upya kwa kuudondosha mpira. Hakuna goli analoweza kufunga mwokota mipira, wala hakuna faulo anayoweza kupewa.

MIFANO MINNE

Tuanze na mifano mizuri. Tarehe 7 Mei 2019 Liverpool ilikuwa nyumbani ikicheza na Barcelona katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Mechi ya kwanza Liverpool ilikuwa imefungwa 3-0. Dakika ya 79 ilipata kona, na mpira ukafika upesi. Trent Alexander-Arnold akaipiga wakati mabeki hawajajipanga, na Divock Origi akafunga goli la nne. Kona haihitaji filimbi ya refa. Mpira ukiwa umetulia ndani ya alama ya kona, unaweza kupigwa.

Mwaka huo huo, tarehe 26 Novemba, Tottenham ilicheza na Olympiacos mjini London. Mwokota mipira alimpa haraka Serge Aurier mpira wa kurusha, ukaenda kwa Lucas Moura, na Harry Kane akasawazisha. Tottenham ikashinda 4-2. Kocha José Mourinho alimfuata kijana yule pembeni akamkumbatia.

Hakuna kosa hapo, kwani kuwahi ndiyo kazi. Kosa ni kuwahi kwa wako na kuchelewa kwa wageni.

Sasa tazama mfano wa tatu. Tarehe 23 Januari 2013, Swansea City na Chelsea zilirudiana katika nusu fainali ya Kombe la Ligi. Swansea, waliokuwa nyumbani, walikwisha kushinda mechi ya kwanza 2-0. Mpira ulipotoka nyuma ya goli, kijana wa miaka 17 aliulalia badala ya kuurudisha. Eden Hazard wa Chelsea akajaribu kuutoa kwa mguu chini ya mwili wa kijana, na refa Chris Foy akamtoa kwa kadi nyekundu. Mchezaji alifungiwa mechi tatu. Baadaye wote wawili waliombana radhi. Jifunze hapa: kosa la kijana halikumhalalishia mchezaji kurusha teke. Alipaswa kumwachia refa, ambaye angeziongeza dakika zile.

Mfano wa nne ni mzito zaidi. Mwezi Septemba 2006, katika jimbo la São Paulo, Brazil, Santacruzense ilikuwa nyuma kwa goli moja dhidi ya Atlético Sorocaba. Shuti lao likapita nje ya goli. Mwokota mipira akauchukua mpira na kuusukuma ndani ya nyavu. Waamuzi hawakuona alivyofanya. Walipotazama wakauona mpira umo golini, wakakubali goli, na mechi ikaisha 1-1. Sheria hairuhusu refa kubadili uamuzi baada ya mchezo kuanzishwa tena. Jasho la wachezaji wa timu nzima likapotea kwa mkono wa mtoto mmoja.

DAWA ILIYOBUNIWA

Kwa sababu ya matatizo kama haya, siku hizi katika Ligi Kuu ya Uingereza mipira huwekwa juu ya koni ndogo kuzunguka uwanja. Mchezaji huenda kuchukua mwenyewe, na kazi ya kijana ni kuhakikisha kila koni ina mpira wake. Njia hii imepunguza upendeleo, kwa sababu mwenyeji na mgeni wote huchukua mahali pamoja.

SISI JE?

Kwetu hakuna koni wala kamera. Siku ya mashindano baina ya madrasa, ustadhi humteua mwanafunzi mmoja asimame nyuma ya goli. Pengine refa ni mmoja tu, hana hata mshika kibendera, na jua linampiga usoni. Hawezi kuona kila kitu. Mpira ukipita kando ya mwamba, huenda ni wewe peke yako uliyeuona vizuri. Refa akikuuliza, mwambie kweli, hata kama kweli hiyo inaiumiza madrasa yako.

Ndugu mwanafunzi, amana si fedha tu. Mpira uliopewa kushika kwa dakika moja ni amana, na mgeni aliyekuja kucheza kwenu ana haki yake ndani ya dakika hiyo. Kombe hukaa kabatini likashika vumbi, lakini wageni wakirudi kwao watasimulia namna mlivyowatendea.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu katika madogo na makubwa. Amin.